Baada ya moto wa Karume, walionitoa ndani ni wacheza bao. Wewe nani alikutoa?

KeteYaNamu

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii nimekutana na vijana wawili wa mtaani kwetu ambao biashara zao zimekufa, na wote wamejifungia ndani. Wazazi wao wanawaita wavivu. Nimeona niandike, maana hali hiyo naijua.

Mimi nilikuwa mfanyabiashara wa mitumba soko la Karume, Ilala. Wanaokumbuka, soko lile liliungua usiku, Januari 2022. Mtumba ukishika moto hauzimiki kirahisi. Belo limekazwa na nyaya, unalimwagia maji juu, huku ndani linaendelea kufuka. Tulifika alfajiri tukakuta mabati yamejikunja, kila mtu anatafuta pale ilipokuwa meza yake na hapaoni. Siku chache kabla nilikuwa nimechukua belo la jinzi na belo la nguo za watoto kwa mkopo wa kikoba. Na deni la kikoba wanaelewa waliowahi kuwa nalo: anayekudai si benki, ni mama unayekutana naye kisimani na msibani.

Moto wenyewe sitauongelea sana. Nataka kusema habari ya miezi iliyofuata.

Kilichonimaliza ni maswali. Kila ninayekutana naye: "Vipi, umepata chochote? Serikali imesemaje? Sasa unafanyaje?" Wanauliza kwa upendo, sikatai, lakini jibu sina, na kulisema hilo mara kumi kwa siku kunachosha kuliko kubeba mzigo. Nikaacha kutoka. Simu nikawa naizima. Mke wangu anaamka saa kumi kukaanga maandazi, mimi nimelala naangalia dari.

Mtaani kwetu, Mtoni, kuna baraza la bao mbele ya nyumba ya mzee mmoja mstaafu. Tunamwita Babu. Mimi kabla ya hapo nilikuwa napita tu, nasalimia, naenda zangu. Jioni moja akaja kwangu na mjukuu wake kabeba ubao kichwani. Habari ya soko hakuigusa. Akasema, "Mwanangu, chumba changu kinavuja na mvua hizi zitaniharibia mbao. Naomba bao lilale kwako." Akaweka ubao ukutani, ubao wa mninga, mzito, umeng'aa pale mikono inapopita. Akaniachia na mfuko wa kitambaa wenye kete. Akaenda.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri mtoto akagonga: "Babu anasema wameshakaa, wanangoja bao." Nikalipeleka, nikarudi. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Siku nyingine nikachelewa makusudi, nikitegemea watatuma mtoto aje alichukue mwenyewe. Hakuja mtoto, walikuja watu wazima watatu, wakasimama mlangoni wakiongea habari za mpira mpaka nikavaa shati.

Ndivyo nilivyoanza kukaa. Kwanza pembeni, kwenye ndoo iliyogeuzwa. Halafu wakaanza kuniambia niangalie mchezo, nihesabu nani kashinda ngapi. Baadaye Babu akanihamishia mbele ya ubao.

Kwa wasiojua bao la Kiswahili: mistari 4, kila mstari mashimo 8, kete 64, kila mtu 32. Unaanza na kete 6 kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Zilizobaki 22 unazishika, unazinamua, yaani unazitia ubaoni moja moja. Ukila kete za mwenzako unazianzia kichwani, shimo la mwisho la mstari wa mbele, unazigawa. Ya mwisho ikiangukia penye kete na mbele yake mpinzani ana kete, unakula tena. Ikiangukia kwenye kete zako na mbele hakuna kitu, unaziokota zote unaendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ya mwenzako. Sasa mkono mmoja unaweza kuzunguka ubao, ukala, ukazunguka tena, na fundi ameshajua utalalia wapi kabla hujagusa kete ya kwanza. Ukitaka kuona hivyo mbele yako, huwezi wakati huo huo kuwa unawaza deni. Kichwa hakina nafasi. Kwa muda wa saa moja na nusu kila jioni nilikuwa sina soko, sina kikoba, nina nyumba ya kulinda na kimbi, yale mashimo mawili ya mwisho pembeni, cha kuangalia.

Usiku nikalala. Wakuu, nilikuwa nimesahau usingizi ulivyo.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza chochote. Siku nilipoanza mwenyewe kueleza, wakanisikiliza wakiwa wameacha kucheza, kete zimebaki mashimoni. Mwisho wa mwezi ule kofia ikapita, nikaletewa kodi ya chumba. Na fundi cherehani mmoja wa pale akanipa ukuta wa kibaraza chake, nikaanza kutundika mashati ya mkononi, machache, ya kuchagua. Sasa hivi nina meza yangu.

Naomba mnisimulie ninyi. Mlipoanguka, ni watu gani waliwashika, na mlikuwa mnafanya nao nini? Nataka niwasomee hao vijana wawili.

Tandika Yetu

Mkuu pole sana na hongera. Mimi bamdogo wangu naye aliunguliwa Karume, alikuwa na viatu. Yeye alirudi kijijini Rufiji na hajataka kusikia Dar tena. Nasoma hapa nawaza kwamba huku mjini hakuwa na baraza hata moja, alikuwa na kazi na chumba tu. Nitampigia leo.

MamaWawili

Nami niseme yangu, ingawa kwetu wanawake hatuna nafasi kwenye mabaraza ya bao, na hilo mngeliangalia.

Mwaka jana ndoa yangu ilivunjika. Nilirudi kwa mama nikiwa na watoto wawili na begi. Nyumbani kila mtu ana maoni: shangazi anataka nirudi, kaka anataka kesi, mama analia. Nilikuwa natoka kwenda kukaa chooni ili nipate ukimya.

Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi akanisajili kwenye kikundi cha joging cha mtaa bila kuniuliza. Akanilipia na fulana. Akaniambia, "Jumapili saa kumi na moja alfajiri nakupitia, na nina watoto wa kuwaamsha nyumbani, kwa hiyo usinichezee." Alikuja kweli, giza bado, akapiga hodi mpaka mama akanifukuza kitandani.

Waliopo Dar wanajua joging zilivyo. Fulana za rangi moja, mwimbishaji mbele, wengine wanaitikia, miguu yote inapiga lami kwa pamoja. Wengi hudhani ni mazoezi tu. Ukiingia ndani unakuta ni ukoo. Kuna mweka hazina, kuna daftari la mahudhurio, kuna kamati ya msiba. Mwenzetu akilazwa tunakwenda. Akijifungua tunakwenda na doti za khanga. Mimi siku ya kwanza nilikimbia mpaka kona ya pili nikasimama kwa kichomi, nikageuka nitembee nirudi. Mama mmoja mnene, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, akatoka kwenye msitari akarudi nyuma, akashika mkono wangu, akawa anatembea na mimi huku bado anaitikia wimbo. Jina langu hakulijua. Hakuuliza. Alinifikisha.

Nimesoma pale uliposema maswali ndiyo yalikumaliza, nikakaa chini. Ni hivyo hivyo. Mtu anayekimbia na wewe anaangalia mbele, hakuangalii usoni. Unaweza ukalia njia nzima na akadhani ni jasho, au akajua na akanyamaza.

KeteYaNamu

MamaWawili, ahsante sana dada yangu. Hilo la kutazama mbele sikuwa nimelifikiria, na ni kweli kabisa: hata kwenye bao wote tunaangalia ubao. Na kuhusu wanawake umesema haki. Pale kwetu binti wa Babu anacheza na anatufunga, ila anacheza tukishatawanyika, na baba yake. Nitalisema barazani.

Chuma Chakavu

Mimi nitakuwa tofauti kidogo, mnisamehe. Nimekulia kwenye nyumba yenye baraza mbele. Nimeona wanaume wanakaa pale tangu saa tatu asubuhi, kahawa na kashata, bao na drafti, jioni wanarudi kwa wake zao wanauliza kuna nini cha kula. Kijiwe kimewapa faraja mpaka wakasahau kutafuta. Kijana aliyefilisika ukimpeleka barazani unaweza usimtoe tena. Mimi nilipofukuzwa kazi nilikaa kimya, nikatuma maombi, nikapata kazi. Rafiki wa kweli anakupa mchongo.

KeteYaNamu

Chuma, nakuelewa na sikupingi kwamba hayo yapo. Baraza letu linaanza baada ya alasiri na magharibi ikiadhiniwa ubao unaondoka. Asubuhi ukionekana pale umekaa, Babu anakuuliza unasubiri nani. Na mchongo ninaofanya leo umetoka pale pale, kwa fundi cherehani. Asingenipa ukuta wake mtu aliyejifungia ndani, kwanza asingenijua.

Lakini nisiseme kwamba faraja ina thamani kwa sababu ilizaa meza. Hata fundi asingekuwepo, yale masaa yangebaki kuwa mazuri kwangu. Wewe ulipofukuzwa kazi ulikuwa bado na nguvu ya kuandika maombi. Mimi nilikuwa sina nguvu ya kuoga. Mtu wa namna hiyo ukimpa mchongo anaukalia.

Nesi wa Zamu

Wapendwa, niongeze jambo moja la kitaalamu kwa sababu KeteYaNamu ameeleza dalili bila kuzitaja jina. Kukosa usingizi au kulala mno, kukosa hamu ya kula, kuacha vitu ulivyovipenda, kujiona huna thamani, kuchoka bila kazi: vikikaa mfululizo kwa wiki 2 au zaidi karibu kila siku, hiyo yaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa na una tiba. Mtu akianza kusema heri asingekuwepo, au anagawa vitu vyake na kuaga aga, msingoje. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, Muhimbili ipo, na siyo lazima ufike hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, kama watu wanavyoogopa.

Nikishasema hayo, niseme pia kwamba wodini tunauona wazi utofauti wa mgonjwa anayeletwa na watu watano na yule anayeletwa na bodaboda. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilianzisha tume ya mahusiano ya kijamii Novemba 2023, kwa kuona upweke unavyodhoofisha afya. Babu wa Mtoni hakungoja tume. Alileta ubao wake.

Kitu alichokifanya yule mzee nakipenda sana. Mgonjwa ukimwambia "njoo barazani upate faraja" hatakuja, anajiona mzigo. Ukimwambia "nakuhitaji, nitunzie hiki" anasimama.

Mkunazini

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, na uzi huu umenigusa kwa mambo mawili.

La kwanza, marehemu mzee wangu alikuwa mchezaji, na alipofariki nilikuwa siwezi kupita pale barazani kwake. Nazunguka njia nyengine. Wenzake wakanituma mtu: njoo uchukue kete za baba yako. Nikenda. Wakanambia kete n'zako lakini zicheze kwanza mchezo mmoja hapa, halafu uende nazo. Zile ni komwe za asili, alikuwa kaziokota mwenyewe pwani kwenye mikomwe yenye miba, kaziteua zilizo sawasawa. Nimezishika zikawa baridi mkononi. Nikacheza, nikafungwa vibaya sana, na kila nikitia kete yupo mmoja anasema "hapo babako asingetia hapo", mwengine anasema "ah, angetia". Wakagombana wao kwa wao juu ya mchezo wa baba yangu mpaka magharibi. Tangu azikwe hakuna aliyekuwa kanizungumzia habari zake vile. Watu wakitoa pole husema alikuwa mtu mwema. Hawa walikuwa wanasema habari za mikono yake.

Kete mpaka leo ziko pale pale barazani.

La pili, KeteYaNamu, umeeleza vizuri lakini hukuwaambia habari ya nyumba. Kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako iliyo hai, una hiari: ulale hapo au uisafirishe, yaani uziokote kete zake uzigawe. Mgeni husafirisha haraka kwa tamaa.

KeteYaNamu

Wa alaykum salaam kaka. Umenifikisha pabaya kwa hadithi ya kete za mzee, Mungu amrehemu. Kuhusu nyumba uko sahihi. Babu mwenyewe alinikataza kuisafirisha mpaka nimwambie kwanza italalia wapi. Nikishindwa kumwambia, haisafiri.

Yakhe wa Ruwi

Salamu kutoka Muscat. Mimi nimezaliwa huku, wazee wangu walitoka Unguja baada ya 1964. Duka langu la vipuri lilifungwa wakati wa korona na sikulifungua tena.

Nikawa nakwenda kukaa na rafiki za babu yangu, wazee wanaozungumza Kiswahili kizuri kuliko mimi. Huku kuna mchezo unaitwa hawalis, ndugu yake bao: mistari 4 pia, ila mashimo 7 kila mstari, na hauna nyumba wala kunamua. Wazee wengine wanacheza hawalis, wengine wanashikilia bao la kwao, wanabishana upi mgumu, kahawa na tende katikati. Mimi nilikuwa wa kumimina kahawa. Nina miaka arobaini na kitu, nilikuwa na wafanyakazi, na nikaona raha kumimina kahawa. Mkubwa wao akaniambia walifika huku wengine hawana kitu, wakaanza kazi yoyote, na jioni walikuwa wanatafutana nyumba kwa nyumba ili wasikie lugha yao. Hakuniambia kwa kunipa somo. Alikuwa anajibu nilipomuuliza waliweza vipi.

Bwana Shamba

Bao linafundisha maisha jamani. Kete zikiliwa hazitoki mchezoni, zinahama upande tu. Ndiyo maana hata Mwalimu Nyerere alilipenda, Butiama alikuwa anacheza na wazee wenzake.

KeteYaNamu

Ni kweli Mwalimu alilipenda. Ila mimi, kusema ukweli wangu, bao halikunifundisha maisha. Nguo zangu hazikuhama upande, ziliungua. Nilichopata ni watu na sehemu ya kuwa kila alasiri. Ingekuwa ni kwaya, au timu ya veterani, au wafuga njiwa, nadhani ingekuwa vile vile, alimradi kuwe na kitu katikati cha kushughulisha mikono na mtu wa kukufuata usipotokea.

Kijana wa Mji Kasoro

Nimesoma uzi wote tangu jana usiku. Mimi niko Morogoro. Nimepunguzwa kazi mwezi uliopita na nyumbani sijasema. Natoka asubuhi nimevaa kama kawaida, nakaa stendi Msamvu mpaka jioni. Rafiki zangu wengi walikuwa wa kazini, na nikiwapigia tunaongea kazi, naona aibu. Bao sijui. Joging sijawahi. Naanzaje kwenda kwa watu nisiowajua?

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, pole. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani wiki hii, yule unayeona atasikiliza bila kupiga kelele. Huko kuvaa na kwenda kukaa stendi kunakula nguvu nyingi kuliko habari yenyewe. Unalala? Unakula?

Kijana wa Mji Kasoro

Nalala kidogo. Kula nakula. Dada yangu anaweza kusikiliza.

MamaWawili

Basi dada leo. Na kuhusu kuanza na usiowajua: usiende kama mtu mwenye shida, nenda kama mtu anayetaka kujifunza. Kila kikundi kinapenda mwanafunzi. Uliza tu "mnaanza saa ngapi kesho?"

Mkunazini

Na bao n'takwambia namna ya kujifunza hata huna ubao. Chimba mashimo ardhini, mistari minne ya mashimo manane, tafuta kokoto 64. Usianze na la kunamua, litakuchosha. Anza na bao la kujifunza: kila shimo kokoto mbili, mashimo yote, mnacheza mtaji moja kwa moja, hakuna kushika kete. Mtoto wa jirani atakuja kuangalia, mchezeshe. Ukishajua kugawa bila kupotea, nenda penye wazee.

KeteYaNamu

Mji Kasoro, nimekutumia ujumbe pembeni. Kuna jamaa tuliyekuwa naye Karume, alihamia Morogoro na sasa anauza mashuka si mbali na hapo Msamvu unapokaa. Wana baraza lao kila jioni na nimeshampigia, anajua kuna mtu atakuja ila sijamweleza mengine, hayo ni yako. Kesho kuanzia saa kumi na nusu. Ukifika muulize kama anahitaji mtu wa kumsaidia kufunga mzigo, huwa anafunga peke yake na mgongo unamsumbua.

Kijana wa Mji Kasoro

Nimeuona ujumbe. Nimeongea na dada. Kesho nitakwenda.